Kisiwa cha Migwani

Ndeti alifika Migwani akitafuta mbuzi watatu, na hakuwa na nia ya kununua hata mkia. Kule Tawa, mzee Muthama alikuwa amesema wazi: bila ntheo, wale mbuzi watatu wanaomfanya msichana kuwa mke wa mtu, bintiye Mutindi ataenda kwa mwingine kabla ya mavuno. Na Ndeti, pamoja na uongo wake wote, alimpenda Mutindi kwa dhati. Uongo ndio uliomlisha, lakini mapenzi yalimkondesha.

Alikuwa hotelini, akinywa chai ya kukopa, aliposikia sauti ya Kavata, mjane mwenye zizi lililojaa na nyumba isiyo na mtoto.

"Jikoni kwa binamu yangu Nairobi kuna meza ya mawe katikati, unaizunguka yote," aliwaambia wenzake wa kanisa. "Wanaiita kisiwa. Ushirika ukija kwangu Krismasi, mtaikuta!"

Ndeti akaweka kikombe chini. Mungu humpa kila mja riziki yake: wengine aliwapa jembe, Ndeti akampa masikio.

"Mwaitu," akamwambia, kwa heshima kana kwamba ndiye mama aliyemzaa, "visiwa vya Nairobi nachora mimi."

"Wewe?"

"Kule Karen, mtaa wa matajiri, uliza tu jina langu."

Karen ni mbali, na Kavata hakuuliza. Jioni hiyo hiyo Ndeti akapiga magoti jikoni kwake na kuchora sakafuni kwa chaki. Na haki ya Mungu, alichora vizuri!

"Kimo kifike kwa kiwiko yako, mgongo isiume ukikata sukuma. Hapa kando ya jiko, nafasi ya mtu na sufuria ya moto. Huku kwa mlango, wamama wawili wanene wapitane bila kukosana. Chini, rafu."

"Na juu?"

"Marumaru, mwaitu. Simiti ni ya choo."

Kavata akaona haya kwa simiti yote aliyowahi kuipenda. "Marumaru itatoka wapi?"

"Mombasa. Mwenyewe hataki pesa, anataka mbuzi. Majike wawili na beberu."

"Majike ni ya nini?"

"Anaanza kufuga."

Kwa hiyo mbuzi wakatoka. Wiki zikapita, na maskini Kavata akawa anafagia akiukwepa ule mchoro, usije ukafutika.

Habari zililetwa na Mursal, mchuuzi wa mifugo kutoka kaskazini, ambaye husahau majina ya watu lakini uso wa mbuzi hausahau. "Mama, majike yako nimeona Tawa, kwa mzee Muthama. Wanakaa kama wakwe!"

Kavata akajifunga leso na kwenda. Akafika siku ambayo Ndeti, ndani ya koti la kuazima, amekuja kumchukua mke wake. Mbuzi kusikia tu sauti ya Kavata getini, wakamkimbilia wakilia, wakamrukia kifuani. Ndeti akatazama upande mwingine.

"Hawa ni wangu," Kavata akasema. "Na beberu?"

"Tumeshakula," akajibu Muthama kwa masikitiko ya mtu aliyeshiba. "Ilikuwa ntheo ya Mutindi."

Ndeti akangoja kusikia neno polisi. Halikuja. Kavata aliketi, akatengeneza leso yake.

"Basi mambo yameisha. Mbuzi ni zangu, na nyinyi mmepokea. Mimi sina mtoto, na mila yetu inamruhusu mwanamke kama mimi kuoa mke. Mutindi ni wangu."

Aiya! Wazee wakatazamana. Mzee wa kanisa aliyekuwapo akaangalia juu kana kwamba paa linavuja.

"Mila ni mila," Muthama akasema hatimaye. Kurudisha beberu hangeweza.

"Na mimi je?" Ndeti akauliza.

"Wewe si fundi? Njoo unijengee kisiwa. Kikisimama, mke wangu ataamua mwenyewe."

Mutindi alikuwa tayari anafunga nguo zake. "Ati uliwafuga mwenyewe!" akamwambia Ndeti, kisha akamfuata Kavata.

Ndeti akajenga. Alibeba mawe kutoka mtoni mpaka mabega yakachubuka, akakoroga ile ile simiti ya choo. Kavata akija anapima kwa kiwiko: "Shusha." Kesho yake: "Pandisha." Siku moja akaleta wamama wawili wa kanisani, wenye afya zao, wapitane kando ya mlango. Wakakwama. Ndeti akabomoa, akaanza upya, akilia na kujenga.

Kiliposimama, kilikuwa kizuri ajabu. Hata yeye alikipapasa asiamini ni kazi yake. Kavata akamwita Mutindi, ambaye kwa sasa alikuwa amenenepa mashavu.

"Neno ni lako, mke wangu. Unaenda na huyu?"

Mutindi akakizunguka kisiwa polepole, akafungua rafu, akaegemeza viwiko.

"Nampenda," Mutindi akasema.

Ndeti akashusha pumzi.

"Lakini Ndeti, jikoni kwako katikati kuna nini?"

"Kuna... mafiga matatu."

"Basi kajenge kwanza," akasema, akivuta kisu na vitunguu. "Nitakungoja hapa."