Tabaka Tatu na Jicho la Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Siku 241 tangu seva ya hospitali iwashwe, haijazimwa hata dakika moja! Nimeiandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu na kuibandika kwenye mlango wa chumba cha mitambo. Hospitali nzima ya macho inaendeshwa na kazi yangu. Nusu ya wafanyakazi wananiita yule wa printa.

Bi Kufuli kaisoma, kaguna. Ni ofisa wetu wa usalama wa kompyuta. Jina nimempa mimi, maana hufunga droo hata akienda kunywa maji. Akasema siku 241 bila kuzima ni siku 241 bila kuweka viraka, yale marekebisho ya usalama, na kila tundu lililogunduliwa tangu Julai liko wazi kwetu. Nikamwambia ana wivu. Kimoyomoyo.

Mkuu wa kitengo cha kompyuta atateuliwa Ijumaa. Tuko wawili tu, mimi na yeye.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji, mdogo wake mke wangu, ana mchezo wa kompyuta anaocheza na wenzake thelathini. Kompyuta yake imeelemewa. Ameomba nimtafutie pa kuuendeshea. Nikasema haiwezekani. Mke wangu akaacha kukunja nguo. Nikasema inawezekana.

Nina akili mimi! Ndani ya seva kuna kompyuta pepe kadhaa: huwezi kuzishika, ila kila moja inajiona kompyuta kamili. Ile ya majaribio nimeipa ruhusa ya kutengeneza nyingine tumboni mwake. Humo ndimo nilimomweka shemeji. Tabaka tatu! Ni mkufu ndani ya soksi, soksi ndani ya sanduku, sanduku ndani ya kabati. Mwizi atachoka mwenyewe.

Ijumaa nitamwonyesha mkurugenzi. Nitauita utafiti.

Jumatano, 5 Machi

Bi Kufuli ameshagundua. Kaja na daftari. Akasema kuta za kompyuta pepe si za matofali, ni programu tu inayosimama mlangoni kama askari. Ukiongeza tabaka unaongeza askari wa kudanganywa, tena mwenye kazi ngumu zaidi, na wetu hajapewa kiraka tangu Julai. Aliyefungiwa chumba cha ndani akimdanganya, anajikuta sebuleni, kwenye seva yenyewe. Na sebuleni kwetu pana orodha ya wagonjwa.

Akataka mambo matatu leo hii: ruhusa ya tabaka izimwe, viraka viwekwe, orodha ya wagonjwa ihamishiwe seva ya peke yake. Nikamwambia Jumamosi. Viraka vinataka seva izimwe, na namba yangu ya mlangoni ingerudi sifuri siku mbili kabla ya uteuzi. Sikumwambia hilo.

Alipoondoka nikaibadilisha jina kompyuta ya shemeji. Sasa inaitwa Utafiti wa Retina. Nani atathubutu kuzima retina?

Alhamisi, 6 Machi

Saa mbili asubuhi shemeji kapiga simu kushukuru. Mchezo ulikuwa unakwamakwama, basi jana akaweka programu ya bure ya kuuharakisha. Kaiokota kwenye intaneti. Imesifiwa sana, akasema. Nikauliza na nani. Na walioitengeneza.

Saa tatu Sista wa chumba cha upasuaji kaniita. Orodha ya leo ina wagonjwa kumi na mmoja, na wote wanapasuliwa jicho la kulia! Mgonjwa wa kwanza, bibi mmoja mtaratibu, alikuwa ameshalala kitandani. Sista alipoanza kumsafisha jicho, bibi akamshika mkono. Akamwambia, "Mwanangu, hilo ndilo ninaloonea."

Sista akafungua faili la karatasi. Kushoto. Akasimamisha kila kitu.

Daktari mkuu akaniuliza kulikoni. Nikasema huenda printa imeishiwa wino upande wa kushoto. Akanitazama kwa muda mrefu sana, na huyo ni mtu wa macho.

Bi Kufuli alilipata jibu kwa dakika ishirini. Programu ya shemeji ilitoboa tabaka ya ndani, ikatoboa ya pili, ikafika sebuleni na kuanza kuharibu kila ilichokikuta. Safu inayoonyesha ni jicho gani lipasuliwe ikafutika. Mfumo ukikuta pengo unajijazia wenyewe: kulia.

Nilienda kukaa na bibi kwenye benchi. Akauliza kama mimi ndiye daktari. Nikasema hapana, mimi ni yule wa printa. Akasema pole, mwanangu, kazi ni kazi. Nikamletea maji.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Kufuli amezima seva. Nimeibandua namba yangu mwenyewe, kwa heshima. Kafuta tabaka zote, kaweka viraka vyote, kabadilisha kila nywila, karudisha orodha kutoka nakala ya akiba aliyoificha kwenye droo. Wagonjwa wana seva yao sasa. Ruhusa ya tabaka haitolewi tena bila saini mbili, na hakuna hata moja iliyo yangu.

Bibi kapasuliwa leo. La kushoto. Nilichungulia mlangoni; alikuwa anamwambia Sista kwamba shati langu halikupigwa pasi.

Mkuu wa kitengo ni Bi Kufuli. Kapigiwa makofi. Nimepiga pia, taratibu. Mimi nahamia stoo ya miwani. Mkurugenzi alisema ni kupumzisha kipaji.

Shemeji kanuna. Anasema nimemharibia mashindano.

Jumatatu, 10 Machi

Stoo si mbaya. Masanduku ya fremu hadi darini, dirisha moja, kompyuta moja ya kuhesabia miwani. Nimeichunguza. Ina nguvu kupita kiasi! Miwani haihitaji hata robo yake.

Mfamasia kapita saa nne. Kwaya yao ina rekodi nyingi, hawana pa kuziweka, na mwalimu wa kwaya ana programu fulani ya kusafisha sauti, kaipata bure. Nikamwambia mambo hayo ni hatari, mimi yamenikuta. Akasikitika, akageuka aondoke.

Nikamwita. Nilikuwa nimeshaona kosa langu la wiki iliyopita.

Tabaka tatu zilikuwa chache. Nimempa tano.