Siku Biskuti Alipovimba

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbaya hata kahawa sijamaliza. Mwalimu mkuu, Bi Hollenbeck, ameniita ofisini na kufunga mlango. Huyu mama hafungi mlango kwa habari njema.

Bodi ya shule itatembelea zizi letu Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14. Baada ya hapo itapiga kura: somo la mifugo libaki au lifutwe. Wanafunzi tisa ni wachache mno, kasema. Tena zizi lina mtu anayelitaka.

Nikauliza nani. Akatazama dirishani. Nami nikatazama. Lindqvist, mwalimu wa kompyuta, alikuwa nje, anapima zizi langu kwa utepe!

Anataka karakana ya roboti. Miaka ishirini na sita nimewafundisha watoto wa hapa kulisha, kuzalisha na kutibu ng'ombe. Nusu ya wafugaji wa wilaya hii wamepita mikononi mwangu. Leo nafukuzwa na vitu vinavyotumia betri!

Noreen, mke wangu, kanishauri nifundishe vizuri tu, bodi ione. Ushauri mzuri kwa mtu asiye na akili ya mipango. Mimi ninayo.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kuongeza wanafunzi. Nimebandika tangazo kwamba atakayefika zizini saa ya mapumziko atapata kolache, yale maandazi ya plamu ya Noreen. Wamefika thelathini na mmoja! Wamekula maandazi hamsini. Nikatoa daftari la kujisajili. Wakakumbuka wote kwa pamoja kwamba wana kazi za nyumbani.

Amejisajili mmoja. Aliniuliza, kalamu ikiwa bado mkononi mwake, roboti zitafika lini, kisha akalikata jina lake.

Nimebaki na tisa wangu wa zamani. Wawili tu ndio wanaonipa kazi ya kufikiri. Tucker Bohaty, mtoto wa wafugaji, anaamini alizaliwa anajua kila kitu. Na Yaretzi Ocampo. Wazazi wake wanafanya kazi kiwanda cha nyama, nyumbani kwao hakuna hata kuku. Lakini hakuna neno ninalosema asiloliandika. Hata nikikohoa, nadhani anaandika.

Jumla ya mifugo: kondoo wanne, nguruwe mmoja mvivu, na maksai wetu mwekundu, Biskuti. Mzima wa afya, ila mbavu zinahesabika. Bodi itatazama nini? Mbavu!

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili. Huu ndio wenyewe.

Asubuhi nilifundisha kulisha. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: CHAKULA KIBADILISHWE POLEPOLE, WIKI MBILI AU TATU. Nikaeleza kwamba tumbo la ng'ombe ni kama mji, lina wakazi wake, wadudu wadogo wanaosaga majani. Ukiwamwagia mahindi ghafla, mji unachacha. Wamenielewa vizuri sana. Tucker aliacha hata kutafuna penseli.

Mchana, darasa lilipoondoka, nikampa Biskuti mahindi mara mbili ya kipimo.

Najua nilichoandika. Lakini ile ni kanuni ya wanaojifunza. Mimi ni fundi. Siku nane, kilo kumi, manyoya yang'ae kama kiatu cha askari. Biskuti alikula na kuniangalia kwa upendo. Ng'ombe mwenye shukrani kuliko bodi nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Wikendi yote nilikuja mwenyewe kumlisha. Nilimwambia Noreen ni mapenzi ya kazi.

Leo Yaretzi kanisimamisha mlangoni. Kasema Biskuti ana kinyesi cha kijivu, chembamba, chenye povu. Kasema pia amemhesabia dakika ishirini na hajacheua hata mara moja. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama kuna mtu amembadilishia chakula.

Nikasema labda ni hali ya hewa.

Akatazama nje. Jua, upepo kidogo, siku nzuri kuliko zote tangu Krismasi. Akaandika.

Nikaazimia kupunguza mahindi. Kisha Lindqvist akapita na roboti lake la magurudumu, likazunguka uwanjani likipiga honi, na watoto arobaini wakilishangilia. Sikupunguza.

Jumanne, 11 Machi

Aibu. Naandika ili itoke kifuani.

Watoto wameamua kuna mtu anamlisha Biskuti kwa siri. Tucker akatangaza mbele ya darasa kwamba adui anajulikana. Kasema, "Nani anataka zizi hili? Nani anapitapita hapa na utepe? Mwenzenu roboti zake hazili, sasa anamaliza wetu anayekula!"

Darasa zima likanitazama. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nikafungua mdomo. Nikasema tusiwahukumu watu bila ushahidi.

Sentensi nzuri. Ya haki. Ya kinafiki kutoka kichwani hadi kwenye buti! Tucker akaenda moja kwa moja kumkodolea macho Lindqvist kantini mpaka maskini akahamisha sinia.

Yaretzi peke yake hakuwa nao. Alikuwa anapima gunia la mahindi.

Jumatano, 12 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa tano asubuhi, katikati ya somo, Biskuti akapiga teke tumbo lake mwenyewe. Mara ya pili. Ubavu wa kushoto ukaanza kupanda. Ukapanda ukapita uti wa mgongo! Ukiugonga kwa kidole, unalia kama ngoma. Ulimi nje, mate yanachuruzika, macho yamemtoka.

Nikampigia Daktari Petersen, mganga wa mifugo wetu. Yuko shambani, mkono umezama hadi bega kwa ng'ombe anayezaa, saa nzima kutoka hapa. Kafoka kwenye simu, "Huna saa nzima, Wendell! Pitisha mpira wa kutolea hewa sasa hivi!"

Nimepitisha mpira kutoka mdomoni hadi tumboni mwa ng'ombe mara mia. Leo vidole vilikataa. Nilisimama na mpira mkononi, nikijua nani kamfikisha hapa.

Yaretzi akauchukua. Hakuninyang'anya, aliuchukua tu, kama mtu anavyompokea mzee mzigo. Tucker akashika kichwa, akaweka bomba mdomoni ili mpira usitafunwe. Lakini Biskuti alikuwa anawaburuza wote. Watoto wakaita msaada. Nani akaingia mbio? Lindqvist! Tai shingoni, viatu vya kung'aa. Akamkumbatia maksai shingo kama ndugu aliyepotea.

Yaretzi akapitisha mpira taratibu, akisema kwa sauti yale niliyomfundisha: usisukume kwa nguvu, subiri ameze, hakikisha haujaingia njia ya hewa. Akanusa ncha. Akasema, "Unanuka tumbo. Tumefika."

Tumefika kweli. Hewa ikatoka kwa mlio wa lori lenye breki mbovu. Baada ya hewa, povu. Baada ya povu, mahindi. Yote yakamkuta Lindqvist kifuani. Hakuachia shingo!

Ubavu ukashuka. Tukamnywesha maji yenye magadi kama Daktari alivyoagiza, tukamwekea nyasi kavu peke yake. Biskuti akavuta pumzi ndefu. Mtoto mmoja akalia. Tucker akasema ni vumbi. Kumbe aliyelia ni yeye.

Kisha Tucker akamgeukia Lindqvist, povu likimdondoka kwenye tai, akamwambia tena mbele za watu kwamba haya yote ni kazi yake.

Hapo nikashindwa. Nikasema ni mimi. Mahindi ni mimi. Tangu Alhamisi. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

 

Yaretzi akafungua daftari lake, akasema alijua tangu jana. Gunia lilikuwa limepungua mara mbili ya kawaida, na ufunguo wa stoo ninao mimi tu. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

Akasema, "Nilitaka useme mwenyewe, Mwalimu. Nimekosea. Nimesubiri siku moja tu, na nusura afe." Macho yakamjaa maji.

Nimepigwa na mafahali wawili na farasi mmoja maishani. Hakuna lililoniuma kama hilo. Nikamwambia kosa ni langu lote, asibebe hata punje. Akafikiri. Akasema sawa, lakini ameandika kwamba mara nyingine atasema mapema. Nikamwambia aandike kwa wino mwekundu.

Nimemwomba radhi Lindqvist. Kasema tai hiyo alipewa na mama mkwe, kwa hiyo anashukuru.

Alhamisi, 13 Machi

Biskuti anacheua! Darasa limepiga makofi. Lakini amekonda kuliko alivyoanza. Mbavu zilizokuwa zinahesabika sasa zinasomeka ukiwa barabarani.

Nikapata wazo. Mjomba wake Tucker ana maksai mwekundu, mnene, mshindi wa maonyesho ya wilaya. Wekundu ule ule. Tungemwazima kwa siku moja tu. Bodi haiulizi vitambulisho vya ng'ombe.

Nikawaeleza watoto. Wakanitazama kama ninavyoitazama nyasi yenye ukungu. Tucker kasema, "Mwalimu, kwa heshima zote, kapumzike." Yaretzi kaninyooshea kiganja. Sikuelewa. Akasema, "Ufunguo wa stoo."

Nimeutoa.

Ijumaa, 14 Machi

Bodi imekuja, watu watano na mabuti yao. Mwenyekiti ni Bi Fern Dvoracek, miaka themanini, amefuga tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa na hotuba ya kurasa sita mfukoni.

Haikusomwa. Yaretzi alimtoa Biskuti mbele, mbavu zote juani, akawaambia kwamba maksai huyu alikaribia kufa juzi, na wataonyeshwa sababu. Akaeleza mji wa tumboni na jinsi unavyochacha. Tucker akawawekea wageni mikono kwenye ubavu wa kushoto wasikie tumbo likinguruma, akawaambia huo ndio wimbo wa ng'ombe mzima. Wengine wakaonyesha ratiba mpya ya chakula: nyasi kwanza, mahindi kidogo kidogo, wiki tatu. Mzee mmoja wa benki aliweka sikio ubavuni na hakutaka kulitoa.

Bi Dvoracek akauliza nani alimzidishia mahindi.

Watoto tisa wakatazama viatu vyao. Tucker akasema, "Darasa, Bi. Sote." Wapenzi wangu wale! Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

Bibi yule akasema, "Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliwaua ng'ombe wawili hivyo hivyo, nikitaka kumringia mama mkwe. Hakukuwa na mtoto wa kunishika mkono." Akamgeukia Yaretzi, akamwuliza kwao wanafuga nini.

Yaretzi akasema hawafugi chochote, baba na mama wako kiwandani. Anataka kuwa daktari wa mifugo.

Bi Dvoracek akasema Daktari Petersen hawezi kuwafikia wote peke yake, na anaanza kuzeeka. Ajitayarishe.

Wamepiga kura papo hapo, wamesimama kwenye matope. Wanne kwa mmoja: somo linabaki mwaka mmoja zaidi, wanafunzi wakifika kumi na wawili ifikapo Agosti. Masharti mengine mawili. Lindqvist apewe kona ya stoo, atengeneze mizani ya kupima chakula. (Wazo la Tucker! Yeye na Lindqvist sasa hawaachani.) Na Mwalimu Kratochvil, yaani mimi, asiguse gunia lolote bila sahihi ya mwanafunzi.

Bi Hollenbeck kanipa mkono. Noreen kacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikwenda kusimama na Biskuti, nikamwomba msamaha kwa faragha. Alinilamba sikio. Ulimi wa msasa. Sikumbuki siku nzuri kuliko hii.

Nimekoma mipango. Naandika na kutia sahihi: NIMEKOMA.

Jumamosi, 15 Machi

Wanafunzi wamekuwa kumi na mmoja! Wawili wamejisajili baada ya kusikia habari ya tai. Amebaki mmoja tu, na tuna miezi mitano. Mtu mwenye busara angetulia.

Nimekwenda mnadani kutazama tu. Kutazama si dhambi. Kwenye boma la mwisho wamemleta ndama wa nyati. Nyati hasa, yule wa manyoya mazito wa nyika zetu, kanundu kanaanza, kandevu kanachipua. Watu wakaacha kahawa zao kumtazama. Watoto wakapanda uzio. Nikajiambia: mtoto gani atapita mbele ya mnyama huyu bila kujisajili? Tutawapata ishirini! Thelathini!

Mkono wangu ukanyooka. Dalali akapiga nyundo.

Yumo sehemu ya nyuma ya gari langu sasa. Uzio wetu wa shule una kimo cha futi nne. Muuzaji kaniambia mama yake huyu huruka futi sita bila kukimbia, lakini alikuwa anacheka, kwa hiyo nadhani ni mzaha. Nimeweka ngazi ya mbao kando ya uzio, akitaka kuruka itamtisha.

Sijamwambia Yaretzi. Jumatatu itakuwa furaha yake. Na sharti la bodi sijalivunja hata kidogo: lilitaja magunia tu, nyati halikumtaja.