Mlima wa Chaki na Sisimizi Wasaliti

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimetangazwa. Maktaba ya mtaa imebandika tangazo: mashindano ya picha, mada ni chaki. Chaki katika vifaa vya sanaa, chaki katika mandhari, chaki na wanyamapori. Nimelisoma, nimelirudia, sijaelewa, nimejiandikisha. Shemeji naye kajiandikisha! Huyu ni kaka wa mke wangu, mwenye studio ya picha ng'ambo ya ukuta wetu. Mama watoto akatoa hukumu wakati wa chakula: atakayetundikwa maktaba ndiye atakayepiga picha za harusi ya binti yetu. Kifunguamimba wangu apigwe picha na mtu mwingine? Labda niwe nimekufa. Binti aliinamia sahani. Nadhani ni furaha.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na vifaa vya sanaa. Chaki nyeupe, juu ya kitambaa cheupe, mbele ya ukuta mweupe. Usafi wa wazo! Nimepiga picha mchana kutwa. Mama watoto kaziangalia, akauliza kwa nini napiga picha ukungu. Nikamweleza kuwa jicho lisilozoeshwa huona ukungu. Akasema lake limezoea vyombo, na kitambaa kile ni cha meza ya wageni, nikirudishe.

Baadaye nikaziangalia mwenyewe. Ni ukungu. Tena wa kijivu! Kila kitu kilikuwa cheupe. Kijivu kaingiza nani? Shemeji akachungulia juu ya ukuta, akaniuliza: Baba Harusi, mwanga unaupima au unaubahatisha? Nikamgeuzia mgongo. Mwanga si mchele.

Jumatano, 5 Machi

Nimeona njia nikinyoa ndevu. Kwa nini kuchagua? Picha moja itabeba yote! Vijiti vya chaki ndivyo vifaa. Nikivirundika vinakuwa mlima: mandhari. Na mlimani wapande wanyamapori, ambao tunao wenyewe: sisimizi wa jikoni. Atakayesema sisimizi si mnyamapori aniambie nani amemfuga. Ana miguu mingi kuliko simba.

Nikaenda dukani. Mwenye duka akauliza nataka chaki ya ubaoni au ile nyingine. Nikamwambia jamii huharibiwa na maswali ya namna hiyo. Chaki ni chaki. Akanipa ile nyingine. Boksi lina picha ya sisimizi kalala chali, miguu juu. Ishara hiyo! Hata kiwandani wanajua kuwa sisimizi hustarehe kwenye chaki. Mwenye duka akasisitiza ninawe mikono vizuri nikimaliza. Watu wasiojua sanaa huwaona wasanii wachafu.

Alhamisi, 6 Machi

Mlima umesimama sakafuni jikoni. Upande mmoja nimeusaga, uonekane umeporomoka. Kileleni nimeweka sukari. Kisha nikachora barabara pana ya chaki kutoka kwenye tundu lao hadi mlimani, wasipotee. Nikalala kifudifudi na kamera.

Sisimizi wa kwanza kafika mwanzo wa barabara. Kasimama. Kapapasa. Kageuka! Kakutana na mwenzake, wakagusana vichwa, naye kageuka. Kufika adhuhuri jikoni hakuna sisimizi hata wa dawa. Wamehama wote, msafara mmoja, wakapenya kwenye ufa wa ukuta. Kwa Shemeji!

Nikapiga picha mlima mtupu, maana leo ndiyo mwisho wa kupokea. Mama watoto kafurahi kupita kiasi. Kasema tangu anioe, maana ndivyo anavyosema akitania, sijafanya kazi ya maana jikoni kama hii. Kazi gani? Nimechanganyikiwa. Binti akaokota boksi, akalisoma, akanitazama kwa huruma, akaanza: Baba, hii chaki ni ya... Nikamkatiza. Mtoto hamfundishi baba yake chaki.

Jumamosi, 8 Machi

Maonyesho. Picha yangu nimerudishiwa mlangoni. Mkutubi akauliza kwa upole kama ile ni mifupa, na kama ni mifupa, ya mnyama gani.

Ya Shemeji imetundikwa katikati ya ukuta. Ubao mweusi wa studio yake, umeandikwa "Karibuni" kwa chaki, na msafara wa sisimizi unapita juu ya herufi, kila mmoja kabeba kombo lake. Nimewatambua! Ni wa jikoni kwangu. Yule mwenye kichwa kikubwa nimemlea mwenyewe kwa makombo yangu. Nikadai haki mbele ya umati: wanyama ni wangu, basi na picha ni yangu. Shemeji akasema niwachukue hata sasa hivi, wamemmalizia mkate na hawasikii la kufukuzwa. Watu wakacheka. Mkutubi akaniomba nipunguze sauti. Haki haijawahi kupatikana kwa kunong'ona, lakini nilipunguza.

Jumapili, 9 Machi

Binti kanifuata kibarazani. Kasema: Baba, katika picha zetu zote wewe haumo. Uko nyuma ya kamera, unatukata vichwa. Siku yangu nataka uwemo, umenishika mkono. Kasema hiyo ndiyo sababu alimwombea Mjomba ashinde.

Vumbi la chaki liliniingia machoni, yote mawili. Nikamwambia nimekubali.

Nimekubali kwa dhati. Ila dhuluma niliyofanyiwa siiachi hivi hivi. Nimepitia dukani, nimechukua boksi jingine la ile ile, na nimewachorea sisimizi wangu barabara ya kurudi nyumbani. Safari hii nene zaidi, waione.

Koti la harusi limejaribiwa. Mfuko wa ndani unameza kamera ndogo bila kutuna. Mkono wa kushoto ni wa binti, nimeahidi. Wa kulia hakuuzungumzia.