Malalamiko Juu ya Kicheko cha Mzee Qu

Kwa Mheshimiwa Mama Luan,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi,
Uchochoro wa Wafua Bati, Beijing.

Mama Mwenyekiti,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa salama, na kwamba goti lako limetulia tangu uanze kulibandika zile plasta za dawa. Mimi ni Shi Guangmo wa orofa ya pili, juu ya banda la baiskeli. Kabla ya kustaafu nilikuwa Naibu Mkuu wa Ukaguzi katika kiwanda cha mabeseni, na beseni lenye doa, hata doa dogo kama punje ya ufuta, halikupita mbele ya macho yangu. Nalitaja hili si kwa kujigamba, bali ujue kuwa anayekuandikia si mtu wa kulalamika ovyo. Nimekaa na jambo hili rohoni tangu majira ya kuchipua, na sasa limenifika shingoni. Naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, kama ifuatavyo.

1. Mzee Qu wa chumba cha chini anafurahi kupita kiasi, tena hadharani. Kila asubuhi, jua likishaingia uani, hutoa kigoda chake, akaloweka miguu katika beseni la maji moto, akawasha redio kusikiliza watu wawili wakitaniana, akabangua mbegu za alizeti, na kucheka. Hacheki kidogo kama watu wenye adabu zao. Huanza na kikohozi cha kicheko, kisha hukoroma kupitia puani, kisha humalizia na pumzi ndefu, "aaai-ya," kama mtu aliyetua mzigo. Naomba pia ieleweke kuwa lile beseni ni la kiwanda chetu na lina doa jeusi upande wa ndani. Nililikataa mimi mwenyewe. Yeye alilipata miongoni mwa mabeseni mabovu, na humwambia kila apitaye kuwa lile doa ni nzi wake, wamezoeana.

2. Ndege wangu ameharibika. Mama Mwenyekiti, wewe ni mzaliwa wa hapa na huna haja ya kufundishwa kuhusu kipozamataza, ndege mdogo wa kuiga milio, lakini kwa ajili ya wajumbe vijana wa kamati naeleza. Kipozamataza wa heshima huimba nyimbo kumi na tatu, moja baada ya nyingine, bila kuruka wala kuchanganya: shomoro wakigombana, kuku akitaga, mbayuwayu akinong'ona, gurudumu la mkokoteni wa maji likilia, na kadhalika. Hufundishwa akiwa amefunikwa kitambaa cha buluu, akisikiliza ndege mkongwe aliyehitimu. Akiokota mlio hata mmoja wa mtaani, honi au mlango, basi ana mdomo mchafu. Na mdomo mchafu hausafishwi kwa sabuni. Huambukiza wengine, kwa kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Ndege huyu nilimchukua siku nilipostaafu. Watu waliniambia nipumzike, nitafute kitu cha kunifurahisha. Nilimtafuta, nikampangia ratiba, nikamkagua kila jioni. Alikuwa na maendeleo mazuri sana. Dirisha langu, kwa bahati mbaya, liko juu ya kile kigoda.

3. Nimefukuzwa chini ya miti. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, nalisema wazi. Wewe unaijua ile mierebi kando ya mfereji ambapo wazee wenye ndege hukutana, hutundika matundu, hufunua vitambaa na kukaa kimya wakisikiliza. Mkubwa wao ni Mzee Tong, mwenye ndege aliyewafundisha ndege wa nusu ya mji. Nilisubiri muda mrefu kukubaliwa pale. Kwangu mimi ilikuwa kama kupata kazi tena, tena kazi bora kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa hapakuwa na mkutano wowote.

Asubuhi ile zamu ya ndege wangu ilifika. Akapanda jukwaa lake dogo katikati ya tundu, akawaimba shomoro, akamwimba kuku, akamwimba mbayuwayu, mimi moyo unapanda tu. Alipofika kwenye mkokoteni wa maji akatulia kidogo, akakohoa, akakoroma, akasema "aaai-ya."

Wazee wote walifunika matundu yao kwa pamoja. Hakuna aliyenikaripia, afadhali wangenikaripia. Mzee Tong alinijia akanishika mkono kwa upole na kuniambia, "Kaka Shi, usisumbuke hata kidogo. Mti ni wako, wewe kaa. Sisi ndio tutakaosogea." Wakasogea kweli, na matundu yao mkononi, mpaka ng'ambo ya mfereji. Nilibaki peke yangu na mierebi yote ile, na ndege anayenicheka kwa sauti ya jirani.

4. Nilifuata taratibu zote za ujirani mwema. Nilimwendea Mzee Qu nikiwa nimevaa koti langu la mikutano, nikamweleza madhara aliyonisababishia, nikamwomba acheke ndani, au acheke huku amefunika mdomo, au acheke mchana wakati ndege amelala. Alinisikiliza mpaka mwisho, miguu majini. Kisha akacheka. Huko juu, dirishani kwangu, ndege akamjibu. Akashangaa, akacheka tena, akajibiwa tena. Wakaendelea hivyo, mmoja chini na mmoja juu, nami katikati na koti langu.

"Kaka Shi," akaniambia huku akijifuta macho, "mke wangu alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akinijibu hivi. Sijajibiwa siku nyingi."

Baada ya hapo akatazama maji yake. Maneno hayo hayahusiani na malalamiko yangu, lakini nayaandika ili taarifa iwe kamili.

5. Mke wangu, Sulan, ameingia katika mkumbo huo. Mimi humfunika ndege ili asisikie, yeye humfunua. Ndege akikoroma, Sulan huacha kila alichoshika. Mara ngapi nimekula chapati za vitunguu zilizoungua upande mmoja, sina haja ya kusema. Siku hizi akimenya vitunguu saumu hushuka navyo uani, eti huko kuna mwanga. Nilimweleza kwa utulivu kuwa nyumba haiwezi kwenda bila utaratibu, na kwamba nimembandikia ukutani utaratibu wenyewe, pamoja na namna sahihi ya kuning'iniza mataulo. Aliusoma wote. Kisha akaniambia, na nanukuu bila kuongeza neno: "Shi, kiwandani umestaafu. Humu ndani utastaafu lini?"

Mama Mwenyekiti, swali hilo mpaka sasa silipendi. Mwanamke huyu aliishi na mimi miaka yote ya ukaguzi, nikirudi usiku nikimkagulia bakuli zake, na hakuwahi kuniuliza jambo kama hilo. Dhahiri hili ni la Mzee Qu.

6. Uchafu unaenea. Kwezi wa Bibi Miao wa orofa ya tatu, ndege mwingine wa kuiga sauti, sasa hukoroma akimwona mleta maziwa. Mleta maziwa naye hukoroma. Juzi nilisikia kicheko kile gizani pale ngazini, nikageuka nikamsomea mtu adabu kwa maneno mazito, kisha nikagundua kuwa nilikuwa nikimkemea kwezi. Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa Bibi Miao mwenyewe, na sidhani atanyamaza. Na kuna hili, ambalo nakuomba libaki baina yetu: nikiwa napanda ngazi zile nilihisi kitu kinanitekenya kooni. Nilikimeza. Lakini mtu wa umri wangu atameza mpaka lini?

Kwa sababu hizo zote, naiomba Kamati yako tukufu ifanye yafuatayo.

Kwanza, kicheko cha uani kipangiwe saa. Pili, kila mstaafu aandikishe starehe yake moja, na starehe hiyo ikaguliwe kama ina manufaa, ina mwanzo na mwisho, na haimwagiki kwa majirani. Kuloweka miguu bila ugonjwa kusikubaliwe. Tatu, ateuliwe Mkaguzi wa Furaha wa uchochoro huu, na kwa kuwa najua shughuli za kamati ni nyingi, niko tayari kuibeba kazi hiyo mimi mwenyewe bila malipo, kuanzia kesho. Nne, endapo Mzee Qu ataonekana hashikiki, basi aingizwe katika Kamati. Nimekaa katika kamati nyingi maishani mwangu, na sijapata kuona mtu aliyeingia akicheka akadumu nacho kicheko hicho. Naamini ninyi mtamtibu.

Nakushukuru kwa subira yako. Nisalimie wajumbe wote, nisalimie mzee wako na umwambie chupa ya dawa ya kikohozi aliyoniazima nitairudisha. Nisalimie mlinzi wa lango, ingawa huwa ananifungulia kwa kusinzia. Wajukuu nao wape salamu zangu, wasome kwa bidii, wasipite karibu na dirisha la Mzee Qu.

Wako mtiifu katika kudumisha utulivu,

Shi Guangmo
Naibu Mkuu wa Ukaguzi (Mstaafu)

Tanbihi: Barua hii imechelewa kuletwa kwako kwa sababu tangu niiandike mambo yamebadilika, nami ni mtu wa kutoa taarifa sahihi. Mzee Qu amesafiri kwenda kwa binti yake kusini. Uani kimya kabisa. Kigoda kimesogezwa ukutani, beseni limefunikwa juu yake. Ndege anaanza kusahau: kikohozi kimekwisha kwanza, na mkoromo unakatika katikati. Mzee Tong ameniletea habari kuwa nikivumilia kidogo tu, mti wangu upo. Nilipaswa kushangilia. Lakini Sulan naye amenyamaza. Chapati zinaiva vizuri pande zote mbili, tunazila, tunaosha bakuli, basi.

Leo asubuhi nilifunga dirisha, nikavuta kiti mbele ya tundu, nikafunua kitambaa na kujaribu kumkumbusha ndege mwenyewe. Kikohozi nilikiweza. Nilipofika kwenye mkoromo Sulan alikuja mbio na glasi ya maji, akidhani nimepaliwa. Nilimweleza ninachofanya. Akanitazama, akaketi sakafuni na glasi yake mkononi, akacheka mpaka maji yakamwagika yote, na ndege akainamisha kichwa kumsikiliza. Mti wa Mzee Tong mpeni mwingine. Na kama Kamati ina namba ya simu ya binti wa Mzee Qu, naomba apigiwe leo hii, aambiwe baba yake arudi upesi na asibadilishe chochote, kwa maana ile pumzi ya mwisho, ile "aaai-ya," bado inanishinda.