Wagonjwa Wote Wameitwa Niyitegeka

Kakonko,
14 Julai 2014

Ndugu Mtaalamu Ridhiwani, mwana wa kaka yangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, isipokuwa ile programu uliyotuletea kutoka Kasulu. Kwa heshima zote anazostahili kijana niliyembeba mgongoni, naleta malalamiko rasmi.

1. Wiki iliyopita walikuja hapa kituoni kwetu madaktari wa kuondoa mtoto wa jicho. Niliandikisha wagonjwa kwenye kompyuta kwa jinsi walivyofika. Wa kwanza alikuwa Bi Niyitegeka wa Nyabibuye. Kazi ilikwenda vizuri mpaka mheshimiwa mmoja alipomleta mama mkwe wake, akaagiza awekwe mbele ya wote. Nikabonyeza pale ulipoandika "Ingiza Juu". Mama mkwe akawa wa kwanza. Kuanzia wa pili hadi wa mwisho, wote wakawa Niyitegeka.

2. Bi Niyitegeka akafanyiwa upasuaji, kisha muuguzi akamwita Niyitegeka. Mama wa watu akarudi na bandeji yake. Alipoitwa tena, alimwambia muuguzi kwa upole, "Mwanangu, Mungu alinipa macho mawili tu."

3. Nilipokupigia simu ulinieleza, bila hata aibu, kwamba mahali majina yalipokuwa na mahali yanapohamia panapandana. Kompyuta ilimnakili wa kwanza juu ya wa pili kabla wa pili hajahama, ikamchukua huyo aliyekwisha kuwa Niyitegeka ikamweka juu ya wa tatu, ikaendelea hivyo. Ukasema dawa yake ni kuanza kumhamisha wa mwisho. Ridhiwani, hata kwenye benchi huanza kusogea wa mwisho, la sivyo tutakaliana mapajani. Mashine hii ililelewa na nani?

4. Mzee Castory, aliyeletwa kwa baiskeli na binti yake Yusta, aliposikia jina lake halipo na madaktari wanaondoka kesho yake, alianza kupapasa fimbo arudi nyumbani. Nikamzuia. Tukaipanga foleni upya kwa sauti, maana wasioona vizuri walikuwa wamekwisha kujuana kwa masikio. "Mimi nilikuwa nyuma ya yule anayekohoa," alisema Mzee. Mwenye kikohozi akakohoa kuthibitisha. Akapasuliwa siku hiyo hiyo, na asubuhi bandeji ilipotolewa, Mzee alimtazama Yusta kwa muda mrefu, akamuuliza mvi zile zimeanza lini.

5. Bwana Nestori, mume wa Niyitegeka, anadai miwani yote ya jua iliyoletwa kwa waliopasuliwa, kwa kuwa kompyuta inamtambua mkewe kuwa ndiye wagonjwa wote.

Kwa hiyo uje urekebishe upesi. Ukichelewa, nitaandika majina ya harusi yako kwa programu hiyo hiyo, nimwingize mjomba wako juu kabisa, tuone utaoa nani.

Nisalimie baba yako, mchumba wako Firdausi na majirani, kila mmoja kwa jina lake mwenyewe.

Ni mimi shangazi yako, niliyebakiwa na subira kidogo,
Mwamvua

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mheshimiwa amerudi na shemeji yake, anataka awekwe juu kwa ujio mwingine wa madaktari. Nimemwonyesha, kwa masikitiko, yaliyotupata, nikamwambia kompyuta haikubali tena mtu kupita mbele. Shemeji ameandikwa wa mwisho, na ameshukuru. Tafadhali usirekebishe kitu.