Harusi ya Wangari na Moshi wa Simu

Ilitangazwa rasmi mjini Eldoret, kwa vipaza sauti vitatu na jenereta moja, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayetuma maua ya "asubuhi njema" kwa simu bila idhini.

Zachariah Wahome, Mkurugenzi wa Ofisi ya Moshi wa Simu, alieleza umati kwa upole wa mtu anayelisha mtoto uji. Kila ujumbe unapita kwenye mitambo, mitambo inakula stima, stima inachafua hewa. Waridi moja la shangazi kwa kikundi cha watu mia mbili ni moshi mtupu.

"Nyinyi hamuuoni," alisema. "Sisi serikalini tunauona."

Na waliuona kweli. Ofisi ilinunua mitambo ya kuupima. Mitambo iliposhika joto ikahamishiwa Timboroa, ambako baridi ni ya bure, na kila asubuhi magari manne yalipanda huko kuhakikisha baridi bado ipo.

Kanuni zenyewe zilikuwa nyepesi. Kikundi cha simu chenye watu zaidi ya saba kiwe na kibali. Kibali kinaombwa kwenye tovuti ya Ofisi. Tovuti ilizimwa, ili kupunguza moshi. Wahome alitia sahihi na akalala vizuri.

Mtaa wa Kapsoya, anakoishi Wahome mwenyewe, ukanyamaza. Kikundi cha wapangaji wa ploti, cha kanisa, cha maziwa, vyote kimya. Ukitaka umbea sasa unaufuata kwa miguu, na umbea wa Kapsoya unaishi saluni kwa Nabwire. Watu walijaa hadi wengine wakakalia ndoo. Mwanamume mmoja mwenye upara alikuja mara mbili kuulizia bei ya kusukwa.

Jumamosi ikafika, harusi ya Wangari, binti ya Wahome. Mialiko yote ilikuwa kwenye kikundi cha simu, kama harusi yoyote ya siku hizi, na kikundi kilikuwa kimezimwa pamoja na vingine. Wahome hakujali. Mtu mkubwa kama yeye, watu si watakuja tu? Saa tano wakwe walishuka kwenye basi kutoka Bungoma wakakuta hema tano, viti vitupu na paka.

"Baba," Wangari alisema ndani ya shela, "Mama mkwe anauliza kama tumekosana na mtaa mzima."

Wahome akajificha nyuma ya sufuria za pilau, akaanza kurekodi sauti ya kuita watu. Afisa wake Sifuna, mgeni pekee, akapiga saluti na kuichukua simu.

"Kanuni ya nne, mkubwa. Sauti ina moshi kushinda maandishi."

"Sifuna, hii ni harusi ya mtoto wangu."

"Hata Mama Betty alisema hivyo wiki jana, mkubwa. Tukamzima."

Ikabidi atembee na suti yake hadi saluni. Wageni wake wote walikuwa humo.

"Karibu Mzee," Nabwire alisema. "Unasuka ama unaosha?"

"Nabwire, leo ni harusi ya Wangari."

Saluni nzima ikaguna. "Woi, Mzee. Si ungetuambia?"

"Kikundi kimezimwa."

"Na nani?" Nabwire aliuliza, kwa huruma nyingi.

Wahome akavuta ndoo, akakaa. "Niitie watu, tafadhali."

"Hii mdomo yangu inafikia watu zaidi ya saba, Mzee. Iko na kibali?"

Kibali kilitolewa papo hapo, mbele ya mashahidi wenye rola kichwani, pamoja na msamaha wa maua yote ya asubuhi. Nabwire akatoa kichwa mlangoni, akaita mara moja tu. Saa saba hema zilifurika hadi wakwe wakaanza kukaliana.

Mkurugenzi alipoinuka na karatasi zake kuhutubia, Sifuna akaenda nyuma ya hema na kuzima jenereta. Maiki ikakata. Bungoma yote ikapiga makofi.

Mitambo ya Timboroa ilithibitisha baadaye kwamba siku hiyo hewa ya Kapsoya ilisafika ghafla kwa dakika arobaini, ambao ndio urefu wa hotuba ambayo Mkurugenzi hakuitoa.