Kikapu cha Upande Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Kocha wa timu yetu ya watoto ya mpira wa kikapu anahamia timu ya wanawake. Katangaza leo baada ya mazoezi, kakumbatia mpira kama anayeaga mtoto. Watoto wakalia. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu ili wasione ninavyocheka.

Maana nani wa kurithi? Mimi, kocha msaidizi! Nimesaidia mpaka watoto wadogo wanadhani Msaidizi ni jina nililopewa na wazazi. Nani hupanga koni? Mimi. Nani hujaza mipira upepo? Mimi. Nani hubaki getini na mtoto ambaye mama yake kamsahau? Mimi, na mara nyingi mtoto mwenyewe ni binti yangu, kwa hiyo aliyesahauliwa ni mimi pia.

Tatizo ni moja. Wasaidizi tuko wawili. Mwenzangu ni Nesi. Ni nesi kweli, wa zahanati ya mtaani. Asubuhi anawachoma watoto sindano, jioni anawafundisha kudunda mpira, na bado wanampenda! Hapigi kelele, hanuni, hasengenyi mtu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Namchunga.

Mwenyekiti wa klabu, mama mwenye duka la mikate, amesema ataamua Jumamosi baada ya mechi yetu na klabu ya ng'ambo ya reli. Nimemsimulia mke wangu. Kaniuliza kama watoto wenyewe wananitaka. Swali gani hilo? Abiria huwa wanachagua dereva?

Niseme ukweli, humu hasomi mtu. Naitaka kazi hii hadi inaniuma. Kutwa nzima niko dukani nakata vioo, huyu ananiambia punguza, yule ongeza. Nataka pahali pamoja tu duniani ambapo nikisema simama, watu wanasimama.

Jumanne, 4 Machi

Kocha mkuu hutambulika kwa filimbi. Nimenunua kubwa kuliko zote dukani. Muuzaji alinionya kwamba hiyo ni ya waokoaji wa baharini. Nikamwambia anifungie.

Nikapuliza. Loo! Watoto wetu waliziba masikio. Shida ni kwamba ng'ambo ya ua kulikuwa na mechi ya soka. Nao wakasimama! Mshambuliaji alikuwa uso kwa uso na kipa. Akauacha mpira, akamgeukia refa kulalamika kwamba hakuotea. Refa naye akamgeukia msaidizi wake, msaidizi akainua mabega. Kisha wote wakageukia kwetu.

Refa karuka ua na kuuliza mimi ni nani. Nikajibu kwamba ni kocha mkuu mtarajiwa. Kaondoka na filimbi yangu.

Wakati tunajibizana, Nesi alipiga makofi mara mbili na watoto wote wakakaa chini wakimwangalia. Bahati tu.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya. Ishara za siri! Makocha wakubwa hawapayuki, wanaongea kwa vidole. Nikiishika pua, mpira upigwe pasi kushoto. Nikijikuna shingo, arushe aliye karibu na kikapu. Nikipunga mkono juu, kila mtu aache alichoshika akimbie nyuma kulinda.

Watoto wameshika zote kwa dakika chache. Vichwa vyepesi, nakiri. Tatizo lilikuwa mimi. Vumbi la uwanja lilinipa mafua na mbu wakaivamia shingo yangu. Kila nikipangusa pua, mpira unakwenda kushoto, mwishowe ukatoka nje na kuingia kwenye mtaro. Kila nikijikuna, mtoto anarusha, hata mlinzi wetu mnene tunayemwita Kabati, aliyekuwa amewapa wenzake mgongo.

Hapo ndipo Mwenyekiti akatokea getini na mfuko wa mikate. Akanipungia mkono. Mtu akikupungia, utafanyaje? Nikampungia kwa heshima zote. Timu nzima ikatimua mbio kurudi nyuma, ikauacha mpira katikati ya uwanja ukidundadunda peke yake. Mwenyekiti akauliza watoto wanakimbia nini. Nikamwambia ni mbinu. Akaniambia, haya, kocha msaidizi. Hilo neno la pili alilikazia.

Mikate alimpa Nesi agawe.

Alhamisi, 6 Machi

Sikulala vizuri, ila nimeamka na akili.

Tunashindwa kwa nini siku zote? Si kwa kukosa mbio, wala pasi. Mipira ya watoto wangu haifiki! Inapanda, inakaribia, inagusa chini ya chuma cha kikapu, inarudi. Pungufu ya shubiri moja. Mimi ni mkata vioo, jicho langu halikosei.

Na nguzo zetu zina hendeli ubavuni! Ukizungusha huku kikapu kinapanda, ukizungusha kule kinashuka. Ziliwekwa hivyo kwa ajili ya watoto wachanga wa Jumapili, wale wa miaka minne na mitano. Je, kikapu tunachokifunga sisi kikishushwa shubiri moja tu, nani atajua? Cha upande wa pili kibaki kilipo, wapinzani wahangaike nacho. Wenyeji tuna haki ya kuchagua upande. Penye nia pana njia!

Nilimdokezea binti yangu wakati wa chakula, kwa kuzunguka sana. Yeye anachezea timu yetu na ana mdomo. Nikamuuliza, tuseme kikapu kimoja kiko chini kidogo, si tutashinda? Akaanza kusema kwamba, lakini baba, baada ya mapumziko... Nikamkatiza. Nikamwambia ale mboga zake. Mtoto wa miaka kumi na moja ataniambia nini kuhusu mpira wa kikapu? Mazoezini tunatumia nusu uwanja tu, maana nusu ya pili ni ya kina mama wa mazoezi ya viungo na redio yao. Kikapu chetu tunakijua. Ndicho hichohicho kila siku.

Mke wangu akaniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nikasema mboga tamu. Akasema hajatia chumvi.

Ijumaa, 7 Machi

Tayari!

Nilisubiri watoto waondoke nikaivamia nguzo ya kikapu chetu, upande wa geti. Hendeli ilikuwa na kutu. Ikalia, nguruwe wa kuchinjwa ana nafuu. Nikazungusha, nikapumzika, nikazungusha. Shubiri moja. Nikarudi nyuma kuangalia. Huwezi kujua! Labda ukiwa mkata vioo.

Kugeuka, Nesi huyu hapa. Alisahau chupa yake ya maji. Nikaikumbatia nguzo na kuinua mguu mmoja, kama mtu anayenyoosha misuli. Akanitazama. Akaitazama hendeli. Akasema, kumbe ni wewe kaka unayezitunza hizi nguzo, na wala husemi! Akasema kelele ile ni ya kutu. Akatoa kwenye mkoba kichupa cha mafuta anayotumia kwenye magurudumu ya vitanda vya zahanati, akaipaka hendeli mwenyewe. Mpaka ikawa inateleza. Akaniambia klabu ina bahati kuwa na mtu kama mimi.

Niliona haya kidogo. Haya ya kweli, hapa kifuani. Nikaenda nyumbani nikanywa chai, haya ikapita.

Koti langu nalo limetoka kwa fundi cherehani. Mgongoni limeandikwa KOCHA MKUU kwa uzi wa njano. Mke wangu kasema ni vizuri kusubiri uamuzi kwanza. Nikamwambia fundi alikuwa na nafasi wiki hii tu.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Wazazi walijaa. Mwenyekiti kakaa mbele. Nikachagua upande. Tukaanza, na ikawa sherehe! Binti yangu akarusha, ndani. Kipepeo, yule mwembamba anayekimbia akipunga mikono, akarusha, ndani! Hata Kabati alifunga, akasimama pale pale akishangaa mikono yake mwenyewe. Wenzetu wa ng'ambo ya reli walikuwa wanagonga chuma tu. Kocha wao akavua kofia, akaivaa, akaivua. Tuliwaacha mbali.

Nikavua shati nililovaa juu ya koti kulificha, nikabaki na koti. Nikampa Mwenyekiti mgongo ili asome vizuri.

Mapumziko. Nikawagawia watoto maji nikiwaambia hii ndiyo faida ya mafunzo. Refa akaita. Timu zikaingia. Nikaona watoto wangu wanaelekea upande usio wao. Nikapaza sauti kwamba mnakwenda wapi, kikapu chetu ni kile! Refa akanitazama kwa huruma. Akaniambia, kocha, baada ya mapumziko timu hubadilishana vikapu.

Salaale.

Ninajua sheria hiyo! Nimeifundisha mwenyewe! Mimi huyuhuyu niliwahi kuwachorea watoto mishale ubaoni! Binti yangu alinipita akanitupia jicho.

Kilichofuata sitaki kukieleza, lakini nitakieleza. Wenzetu wakaanza kufunga kwenye kikapu chetu kilichoshushwa shubiri moja kama wanaotupa ganda la ndizi pipani. Na watoto wangu, waliokuwa wameshazoea kikapu kifupi, kila mpira ukawa unapita chini ya wavu. Uongozi wetu ukayeyuka. Kocha wa ng'ambo akaivaa kofia ikatulia.

Mtu mwingine angekaa akasali. Mimi nikaomba muda wa mapumziko mafupi. Timu ikakusanyika kwa Nesi, nami nikajifanya kamba za viatu zimefunguka, nikachuchumaa chini ya nguzo. Lengo langu lilikuwa jema, nikirudishe kikapu juu. Nikazungusha hendeli kwa nguvu niliyotumia jana.

Nilisahau mafuta ya Nesi. Na kwa haraka nilizungusha kule badala ya huku. Kikapu kikashuka fyuuu! Kikapita kichwa cha refa, kikapita mabega yake, kikatua usawa wa kifua chake. Hendeli ikachomoka ikabaki mkononi mwangu. Nikasimama pale na hendeli mkononi na KOCHA MKUU mgongoni.

Mchezaji mdogo kuliko wote wa ng'ambo, msichana mwenye mapengo mawili, akausogelea mpira uliokuwa chini. Akaubeba. Akautia kikapuni kwa mikono miwili, taratibu, kama anayerudisha sahani kabatini. Mama yake akashangilia peke yake.

Refa alitaka kuvunja mechi. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama. Aliniuliza kama nina la kusema. Nikasema nilikuwa natunza nguzo. Akanitazama mpaka nikaanza kulivua lile koti.

Nesi ndiye aliyeokoa siku. Alichukua hendeli mkononi mwangu bila neno baya, akaenda upande wa pili akakishusha kikapu kile nacho hadi kifuani. Akawachanganya watoto wa klabu zote mbili, wetu na wao, akasema kila mtoto afunge leo, hata akiwa hajawahi. Ikawa vurugu! Kabati alifunga mpaka akachoka. Kocha wa ng'ambo akaingia kucheza na kofia yake. Wazazi walicheka hadi wengine wakakaa chini. Binti yangu alikuja akanivuta mkono nami nikaingia, nikafunga, na nikashangilia kwa sauti kuliko mtoto yeyote. Sijui ni kwa nini nilifurahi vile siku ambayo nilikuwa nimeharibikiwa.

Mwishoni Mwenyekiti akatangaza. Kocha mkuu wa timu ya watoto ni Nesi. Watoto walimrukia. Nikapiga makofi. Yaliuma, lakini nikapiga.

Jumapili, 9 Machi

Mwenyekiti kapiga simu asubuhi. Nikajua nafukuzwa. Nikaketi.

Kumbe! Wazazi wamempigia wakitaka vikapu vya chini vya jana virudi tena, kwa watoto wachanga wa Jumapili, wale wa miaka minne na mitano. Kundi lao halina kocha. Nesi kapendekeza nilichukue mimi. Kasema mtu anayekubali kuchekwa hivyo mbele za watu na bado akaingia kucheza, watoto wachanga watamfaa. Mwenyekiti kasema kundi hilo halina msaidizi. Kwa hiyo mimi ndiye kocha. Na kama hakuna mwingine chini yangu, basi ni kocha mkuu! Nilimwomba arudie. Akakata simu.

Mke wangu kacheka hadi akashika meza, kisha akanipongeza kwa dhati. Nimempigia Nesi kumshukuru. Nilimaanisha. Kaniambia jambo moja tu, niwaache watoto wacheze, mengine yatakuja yenyewe. Ushauri mzuri sana. Nimejifunza mengi wiki hii. Vikapu sitavigusa tena maishani mwangu. Vikapu ndivyo vilivyoniponza.

Sasa, Jumapili ijayo wachanga wangu wanacheza na wachanga wa ng'ambo ya reli. Nami nimeshamaliza kufikiri. Nimepata dukani mpira mdogo, mwepesi, laini. Ukiurusha ovyo tu unaingia. Mtoto hawezi kukosa hata akifumba macho! Nitauingiza uwanjani kimyakimya dakika ya kwanza, na tutawafunga mpaka waombe maji.

Nimemweleza binti yangu. Akaniuliza kama wapinzani watachezea mpira mwingine, wa kwao. Nikacheka. Nikamfafanulia kwa upole kwamba kikapu huchezwa kwa mpira mmoja tu, timu zote mbili hutumia huohuo. Akaniangalia, akaenda chumbani kwake.

Watoto bwana. Hawaangalii mbele kabisa.